Jicho la Msanidi Programu Dukani

Kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Moi Avenue jijini Nairobi, si ajabu kukuta ThinkPad mbili zimewekwa pamoja: T470 na T480. Zote nyeusi, zote za inchi 14, zote zina kile kitufe chekundu katikati ya kibodi. Muuzaji atasema zote ni Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256. Mteja mwenye haraka huondoka na ile ya bei ya chini akiamini ameokoa pesa.

Msanidi programu haharakishi. Anaiwasha, anafungua ukurasa unaoeleza mfumo na kutafuta tarakimu inayofuata baada ya neno i5. Kwenye T470 nyingi ataona i5-7200U au i5-7300U. Kwenye T480 nyingi ataona i5-8250U au i5-8350U. Ile 7 na ile 8 zinatenganisha mashine mbili zenye maisha tofauti kabisa. Prosesa hizo za kizazi cha 7 zina viini viwili, za kizazi cha 8 zina vinne. Zaidi ya hapo, Windows 11 iliyotoka Oktoba 2021 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kabla yake. Nayo Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ile huduma ya nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani ina kikomo Oktoba 2026. Zipo pia T480 chache zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7, ndiyo maana kusoma jina la modeli kwenye mfuniko hakutoshi.

Hilo ndilo wanaloliona watu wanaoishi kwa kuandika programu, na ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Kifaa hakizeeki kwa sababu plastiki yake imekwaruzika. Kinazeeka siku programu zake zinapokosa mtu wa kuzihudumia. Kwa hiyo maswali yao ya kwanza ni mawili, na yote yanatangulia bei: kifaa hiki kitahudumiwa mpaka mwaka gani? Na kikiharibika, au mtu akitaka kuhama, atatoka vipi?

Iliyotumika nzuri, au mpya dhaifu

Kwa pesa ileile, wasanidi wengi watamshauri ndugu yao achukue kompyuta ya ofisi iliyotumika badala ya mpya ya bei rahisi. Sababu zinahesabika. Kompyuta mpya za daraja la chini mara nyingi huja na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, na vyote viwili vimechomelewa kwenye bodi. Kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali ni hichohicho: RAM GB 4, hifadhi GB 64. Mnunuzi anaanza safari akiwa ameshagusa sakafu. Mfumo ukishakaa na masasisho mawili matatu kuingia, nafasi imekwisha, na hakuna fundi wa kuongeza chochote.

T480 ya mwaka 2018 inaonyesha upande wa pili. Ukifungua mfuniko wa chini unakuta nafasi mbili za RAM zinazofika GB 32 kwa mujibu wa mtengenezaji, diski inayochomoka, feni inayosafishika. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayotolewa kwa vidole bila bisibisi. Inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo chaja ikipotea haihitaji kusakwa mji mzima. Mrithi wake, T490 ya mwaka 2019, tayari sehemu ya RAM ilichomelewa na betri ya nje ikaondolewa. Mpya zaidi haimaanishi bora zaidi kwa mtu anayetaka kudumu nayo. Dell Latitude na HP EliteBook nazo zimo kwenye kundi hili la kompyuta za ofisi. Makampuni huzinunua kwa wingi na kuziuza baada ya miaka michache, ndiyo maana vipuri vyake havikosekani na mafundi wamezizoea.

Lakini kompyuta iliyotumika inanunuliwa kwa macho na kwa vipimo. Betri ndiyo inayoficha mengi, kwa kuwa dukani mashine huwashwa ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Mnunuzi aombe dakika tano, afungue Command Prompt, aandike *powercfg /batteryreport* na kubonyeza Enter. Windows itaandaa ripoti na kutaja ilipoihifadhi. Ndani yake kuna mistari miwili ya kulinganisha. DESIGN CAPACITY ni uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo uliobaki leo. Betri iliyotoka kiwandani na mWh 24,000 na sasa inajaa kwa 12,000 imebaki nusu. Hiyo peke yake haitoshi kuikataa mashine, ila ni hoja ya kushushia bei, maana betri mpya itanunuliwa tu.

Kipimo cha pili ni kufuli. Baadhi ya kompyuta zinazoingizwa kutoka Ulaya na Marekani bado zimesajiliwa kwa kampuni zilizozimiliki. ThinkPad ikiwashwa na kubonyezwa F1, kisha ikadai nywila ambayo muuzaji hana, iachwe hapohapo. MacBook ni ya kuangaliwa zaidi. Inaweza kufanya kazi vizuri kabisa mezani kwa muuzaji, lakini siku itakapofutwa na kuunganishwa na intaneti ikatoa ujumbe wa Activation Lock au Remote Management, na nywila inayotakiwa iko kwa mtu aliye bara jingine. Dawa yake ni moja: ifutwe na kuandaliwa upya mbele ya mnunuzi, ikiwa kwenye intaneti, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Na aliye na kompyuta ya zamani nyumbani asikimbilie kuitupa. Kama bado inatumia diski ya kuzunguka, SSD ndiyo gharama ndogo inayoleta badiliko kubwa kuliko yote. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa sekunde. RAM ifuate, angalau GB 8. Kama Windows 11 imeikataa, Linux Mint 22 inapata masasisho mpaka Aprili 2029 bila malipo, na inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows, au Microsoft Office yenyewe, ajaribu kwanza kazi zake zote pamoja na printa kabla ya kuhama. Mwanafunzi anayeandika, anayesoma na kuvinjari hatapungukiwa na kitu.

Simu: hesabu inaanzia wapi

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, sanduku la simu linaweza kusema RAM GB 16 kwa maandishi makubwa, na chini yake, kwa maandishi madogo, 8+8. RAM ya kweli ni ile 8 ya kwanza. Ya pili ni nafasi iliyokopwa kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni ya polepole kuliko RAM mara nyingi. Inasaidia kidogo kuzuia programu za nyuma zisifungwe, lakini haifanyi simu ya GB 8 kuwa ya GB 16. Mnunuzi anayelinganisha simu mbili alinganishe namba za kwanza peke yake.

Kitu ambacho sanduku hakiandiki ndicho chenye thamani kubwa: miaka ya masasisho. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 iliyotoka Oktoba 2023, Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 iliyotoka Januari 2024. Hata simu ya daraja la chini kama Galaxy A16 iliahidiwa miaka 6, jambo ambalo muongo mmoja uliopita halikufikirika kwa bei yake. Zipo simu nyingine za bei hiyohiyo, zenye kamera ya namba kubwa zaidi na mgongo unaometa zaidi, ambazo ahadi yake ni miaka miwili au haitajwi kabisa.

Tena miaka hiyo inahesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni duniani. Tarehe ya risiti ya mteja haihusiki. Simu iliyokaa dukani miaka miwili imeshakula miaka miwili ya ahadi yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mtu atafute kwenye tovuti ya mtengenezaji mwezi modeli hiyo ilipozinduliwa, ajumlishe miaka iliyoahidiwa, kisha atoe mwaka wa leo. Kinachobaki ndicho anachonunua. Simu ya bei mara moja na nusu yenye miaka mitano mbele ni rahisi kuliko ya bei ya chini yenye mwaka mmoja.

Athari ya kuachwa si ya kufikirika. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus. Simu zilikuwa zinawaka, vioo vizima, lakini kwa mtu ambaye wateja wake wote wako WhatsApp hazikuwa tena simu za kazi. Programu za benki nazo hufuata mkondo huohuo, na zina haki, kwa sababu mfumo usiozibwa matundu hauwezi kuaminiwa na pesa.

Sheria zimeanza kumuunga mkono mnunuzi, japo mbali na hapa. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya lazima ziahidiwe masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 tangu modeli ilipoacha kuuzwa, vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Hakuna muuzaji wa Dar es Salaam anayebanwa na sheria hiyo. Hata hivyo ina manufaa kwa anayejua kuitumia: modeli inayouzwa pia Ulaya ina nafasi nzuri zaidi ya kuwa na vipuri na masasisho kuliko ile ambayo Ulaya haijulikani.

Kwa simu iliyotumika, Mtanzania ana kipimo cha bure. Abonyeze *#06#, namba ya IMEI itokee, ailinganishe na ya kwenye sanduku, kisha aitume kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu litataja aina ya simu ambayo namba hiyo ilisajiliwa nayo. Ikitaja modeli nyingine, mazungumzo yameisha. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia simu bandia Juni 2016, na waliokuwa nazo mkononi ndio waliobeba hasara.

Namba zinazokanushwa na mizani

Pawabenki na flashi ni vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyoongoza kwa namba za uongo. Hapa msanidi programu hatumii ujuzi wa kompyuta, anatumia hesabu ya shule ya msingi. Seli moja ya lithiamu ya ukubwa wa kawaida, ile inayoitwa 18650, hubeba kwa kawaida hadi mAh 3,500 hivi na ina uzito wa karibu gramu 47. Pawabenki inayodai mAh 50,000 ingehitaji seli kama 15, yaani gramu 700 za seli peke yake, kabla ya gamba na saketi. Ikikaa mfukoni bila kulemea, namba ile ni ya uongo, na hakuna haja ya kubishana na muuzaji.

Hata ya kweli inahitaji kusomwa vizuri. mAh 10,000 huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli, lakini simu hupokea kwa volti 5. Kwa hiyo kinachoweza kutoka hakizidi mAh 7,400, na kiasi fulani hupotea kwa joto. Watengenezaji makini huandika uwezo huo halisi nyuma ya kifaa. Anayesafiri kwa ndege kwenda Muscat au Dubai akumbuke pia kikomo cha Wh 100 bila kibali cha shirika la ndege, ambacho ni sawa na mAh 27,000 hivi.

Flashi na kadi za kumbukumbu zina ujanja mwingine. Chipu ndogo huandikiwa itangaze ukubwa mkubwa. Kompyuta inaona GB 512, mtu ananakili picha za harusi, na zote zinaonekana zimeingia, kumbe zilizozidi uwezo wa kweli zimefutika. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, hujaza flashi nzima kisha kusoma tena kila kilichoandikwa. Huchukua saa kadhaa. Ukaguzi huo ufanyike kabla ya flashi kukabidhiwa kitu chochote cha thamani, na risiti ikiwa bado ipo.

Programu zenye mlango wa kutokea

Kwenye programu, lile swali la pili, la jinsi ya kutoka, ndilo linalotawala. Skype ilianza mwaka 2003, ikawa ndiyo sauti ya nyumbani kwa Waswahili wengi wa London na Toronto, kisha ikafungwa tarehe 5 Mei 2025. Google Reader ilifungwa tarehe 1 Julai 2013 ikiwa na wapenzi wengi. Evernote, iliyowafundisha watu kuweka maisha yao yote kwenye daftari moja la mtandaoni, mwishoni mwa mwaka 2023 iliwabana watumiaji wa bure: daftari moja na kumbukumbu 50. Hakuna aliyevunja sheria. Mwenye huduma ana haki ya kuifunga au kuitoza. Anayeumia ni yule ambaye hakuwahi kuuliza kama vitu vyake vinatoka.

Kwa hiyo kabla ya kuhamia programu yoyote ya kuandikia, kutunzia picha au kuwekea hesabu, mtu atafute kwanza kitufe cha kutoa data zote, akibonyeze na kufungua kilichotoka. Kikifunguka kwa programu nyingine, aingie kwa amani. Kama kitufe hakipo, au kilichotoka ni faili ambalo programu hiyo tu ndiyo inayolisoma, atafute nyingine.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayowafanya wasanidi wapende faili za maandishi matupu na zana zilizokomaa. Vim, kihariri kilichotolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, bado kinatumika kila siku, na faili lililoandikwa nacho mwaka huo linafunguka leo kwenye simu ya yeyote. Zana hiyo ina uhusiano wa kweli na ukanda wetu. Moolenaar alijitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, na hadi anafariki Agosti 2023 alikuwa akiwaomba watumiaji wa Vim wachangie watoto wa kituo cha huko. Ombi lenyewe huonekana Vim inapofunguliwa bila faili. Watu wengi duniani wameliona jina la Uganda kwenye kioo cheusi cha kihariri.

Si kila mtu anahitaji Vim, na asiyeandika programu asijitese nayo. Anachohitaji ni LibreOffice, ambayo ni ya bure, inafungua hati za Word na Excel, na haitegemei intaneti. Asili yake ni OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kiliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa barua, ripoti na bajeti ya kikundi, inatosha kabisa.

Inatosha pia kama sababu ya kuacha programu zilizovunjwa. Office ya "crack" huja na kiamilishi ambacho hudai kwanza kinga ya virusi izimwe, na mtu anaizima kwa mkono wake mwenyewe. Windows tayari ina Defender iliyojengwa ndani. Ikiachwa iwashwe na kusasishwa, hakuna haja ya kulipia kinga nyingine nyumbani. Tahadhari hiyo iende mpaka kwenye WhatsApp za kughushi zenye rangi na vikorombwezo. Oktoba 2022 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky iliripoti kwamba toleo la YoWhatsApp lilikuwa limebeba kirusi cha Triada na kuiba funguo za akaunti. Afadhali WhatsApp yenyewe, na ndani yake, kwenye Mipangilio, kisha Akaunti, uwashwe uthibitishaji wa hatua mbili wenye tarakimu sita. Mwizi aliyefanikiwa kuhamisha laini atapata ujumbe wa SMS, lakini tarakimu hizo hatakuwa nazo.

Nywila zitunzwe na programu ya kutunza nywila. Bitwarden ina huduma ya bure na msimbo wake uko wazi kwa wanaotaka kuukagua. KeePass huweka kila kitu kwenye faili moja ambalo mwenyewe analitunza. Kilicho muhimu ni barua pepe kuwa na nywila ambayo haitumiki popote pengine, maana kwa barua pepe ndiko nywila nyingine zote hubadilishiwa.

Pesa ikiwa ndogo, ianzie wapi

Wakati wa kugawa bajeti, kitu kinachosahaulika ndicho ambacho msanidi programu hukitaja kwanza: diski ya nje. Kanuni ya wataalamu ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida maana yake ni picha na hati kwenye simu au kompyuta, nakala kwenye diski ya nje inayokaa kabatini, na nyingine mtandaoni. GB 15 za bure za Google zinatosha vyeti, mikataba, hati za kiwanja na picha chache zisizorudiwa, ila akaunti iguswe mara kwa mara, kwa sababu Google ilitangaza kuwa inafuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kutumika. Video zote za sherehe zibaki kwenye diski, zisije zikamaliza bando na nafasi kwa pamoja.

Mwenye bajeti ya simu mpya na kompyuta ya zamani isiyo na nakala, basi, anunue simu ya hatua moja chini, na tofauti aielekeze kwenye SSD ya ndani na diski ya nje. Kisha mara moja kwa mwezi achomeke diski ile kwenye kompyuta ya mtu mwingine na kufungua picha moja na hati moja. Zikifunguka, airudishe kabatini. Zikikataa, anunue diski nyingine wiki hiyohiyo, wakati faili za asili bado ziko hai kwenye mashine yake.